Mnyoo wa Vituo Viwili

Jumanne, saa nne asubuhi, Judica alisukuma vipande viwili vya mnyoo kwa ncha ya kibanio mpaka vikagusana ndani ya kisahani. Vikaungana.

Aliondoa jicho kwenye hadubini, akalifikicha, akalirudisha. Havikufanana tu, viliungana. Mkato ulikwenda mshazari, na kila kilichokatwa upande mmoja kilikuta mwenzake upande wa pili. Mnyoo huyu alikuwa wa wale wanaojijengea nyumba, bomba jembamba la mchanga na magamba yaliyogandishwa kwa ute wake mwenyewe, na bomba hilo lilikatwa pamoja naye. Pale kwenye mkato palikuwa na kigamba cheupe kilichopasuka katikati, nusu huku na nusu kule. Alipovisogeza zaidi, ufa ukafunga.

Kichwa alikitoa kwenye chupa ya Kituo cha Sita, tabaka la juu. Mkia aliutoa kwenye chupa ya Kituo cha Tisa, tabaka la chini. Kati ya vituo hivyo viwili, huko chini ya bahari ya kaskazini kabisa mwa dunia, pana kilomita mia moja na arobaini.

Judica akahisi kijasho chembamba kikimtoka mgongoni, ingawa kiyoyozi cha maabara kilikuwa kinanguruma na nje ndiko kulikokuwa na joto la Juni la Guangzhou, kusini mwa China, lile linalomlowesha mtu shati kabla hajavuka barabara.

Alikuwa Mpare wa Same, mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu, katika taasisi moja ya utafiti wa bahari wilayani Haizhu, mwendo wa robo saa kwa baiskeli kutoka karakana za nguo za Kangle. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Kiangazi cha mwaka uliopita, meli ya utafiti ilikwenda Bahari ya Chukchi, kati ya Urusi na Alaska, kuchunguza wanyama wasio na uti wa mgongo wanaoishi kwenye tope la chini: minyoo, chaza, majongoo bahari, vidudu mfano wa uduvi, na wale jamaa wa kiti cha pweza wenye mikono myembamba inayokatika ukiigusa tu. Kila kituo meli iliposimama, sanduku la chuma lilishushwa kwa winchi mara kadhaa, likang'ata tope, likapandishwa. Tope likakatwa kwa bamba la chuma kuwa matabaka mawili, la juu na la chini. Kila tabaka likachekechwa, na waliobaki kwenye chekeche wakatiwa chupani pamoja na spiriti.

Mnyoo aliyekutwa na bamba alikatwa, kichwa kikaingia chupa ya juu na mkia chupa ya chini. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Lakini chupa zote mbili lazima ziwe za kituo kimoja.

Mbaya zaidi, chupa hizo zilikuwa zimepita mikononi mwake. Zilikuja mezani kwake mwezi wa Machi. Kanuni ya kuhesabu ni kichwa: kisicho na kichwa hakihesabiwi, la sivyo mnyoo mmoja atageuka minyoo mitatu. Kwa hiyo mikia aliirudisha chupani pamoja na vipande vingine bila kuitazama mara mbili, akajaza fomu, akasaini. Asingeiona hata leo, ila msimamizi wake, Profesa Liang, alimtaka ahakiki chupa chache kabla ya Ijumaa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wageni kutoka nchi sita walikuwa wanakuja, na Profesa Liang angesimama mbele yao kusema kwamba Kituo cha Tisa, ambacho kwa miaka kumi kilijulikana kuwa kimejaa uhai, sasa kiko karibu kitupu. Na Kituo cha Sita, kilichokuwa maskini siku zote, kimefurika. Wanyama wamehama. Maneno hayo mawili yalikuwa kichwa cha sura nzima ya tasnifu ya Humphrey, Mtanzania mwenzake wa maabara ile, na Humphrey alikuwa anaitetea tasnifu hiyo wiki mbili baadaye.

Humphrey ndiye aliyekuwa kwenye meli. Chupa za vituo hivyo viwili alizijaza yeye.

Judica akapiga picha ya kisahani mara saba. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kufikiria kulifanya: akatoa lebo za ndani za chupa zote za vituo hivyo viwili, zile karatasi ngumu zinazoandikwa kwa penseli na kutumbukizwa kwenye spiriti, akazipanga kwenye trei. Nyingi ziliandikwa na mkono uliokufa ganzi kwa baridi. Herufi zilipinda, namba tisa zilifanana na saba. Lakini baadhi yake ziliandikwa vizuri, mstari mmoja, kama za mtu aliyekaa kwenye kiti, mahali penye joto, na kikombe cha chai pembeni. Akazihesabu, halafu akazihesabu tena. Zilikuwa kumi na moja.

Alirudisha kila kitu mahali pake kama kanuni inavyotaka, kichwa kwenye chupa yake na mkia kwenye chupa yake, akafunga kabati la sampuli, akampigia Humphrey. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu akakumbuka kwamba wiki hii Humphrey alikuwa anafunga mizigo Sanyuanli.

Wakati anashuka ngazi za metro, ujumbe wa Profesa Liang ukaingia: *Kesho saa tano ofisini kwangu. Njoo na fomu ya uhakiki iliyosainiwa.*

*

Ofisi ya Mwadini ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani nyuma ya kituo cha metro cha Sanyuanli. Huwezi kuikosa, kwa sababu kelele za utepe wa gundi ukivutwa kwenye maboksi husikika tangu kwenye lifti. Mwadini, Mzanzibari mwenye tumbo na sauti ya kwenye mnada, alikuwa anasafirisha mizigo ya watu kwenda Dar na Unguja kwa mwaka wa kumi na mbili sasa.

"Karibu dada'angu, karibu," alisema bila kuacha kuandika juu ya boksi kwa kalamu nene. "Huyo msomi wenu yumo ndani, anafunga mizigo kama mtu anayehama dunia. Kontena langu lajaa Alhamisi. Kila nikimuuliza orodha ya mzigo, ananambia *mei you*, hakuna, kama Mchina wa dukani. Mwambie."

Humphrey alikuwa chumba cha nyuma, kifua wazi, taulo shingoni, katikati ya vyerehani sita alivyovinunua kwenye karakana iliyofungwa huko Kangle. Vilikuwa vya mkewe, Domina, aliyekuwa na mpango wa kufungua kiwanda kidogo cha sare za shule Morogoro. Humphrey alikuwa na miaka thelathini na minane. Siku Judica anafika Guangzhou, hajui neno moja la Kichina, ndiye aliyempokea uwanja wa ndege akiwa na mwavuli na kadi ya simu mkononi. Alipougua homa ya dengue, ndiye aliyeketi hospitali siku nne akimtafsiria daktari.

"Mdogo wangu! Mungu amekuleta. Nishikie hapa."

Judica akashika mfuniko wa boksi. Humphrey akavuta gundi.

"Kaka, nimekupigia."

"Simu iko kwenye chaja huko kwa laoban." Akamaanisha bosi, Mwadini. "Kuna nini? Liang laoshi ananitafuta?"

"Hapana, si Profesa. Ni mimi." Akatoa simu yake, akamwonyesha picha.

Humphrey akaiangalia, akainamisha kichwa, akatabasamu jinsi anavyotabasamu mtu anayependa kazi yake. "Mnyoo mzuri. Mkato safi."

"Kichwa kimetoka Kituo cha Sita. Mkia umetoka cha Tisa."

Gundi ikasimama. Upande wa pili wa ukuta Mwadini alikuwa anagombana na mtu kwenye simu, nusu Kiswahili nusu Kichina.

"Umevichanganya mezani," Humphrey akasema.

"Sikuvichanganya. Nilifungua chupa moja, nikaifunga, ndipo nikafungua ya pili. Na lebo za ndani, kaka. Kumi na moja zimeandikwa na mkono uliotulia."

Judica alitarajia kwamba angecheka, au angefoka. Humphrey alikaa juu ya boksi. Akajifuta uso kwa taulo, akaiacha usoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kufuta jasho.

"Ilikuwa dhoruba," alisema hatimaye, taulo bado mdomoni. "Wewe hujawahi kuona bahari ile. Mchina niliyekuwa naye zamu alikuwa anatapika kitandani. Vituo viwili kwa siku moja, mtu mmoja. Chupa za mwisho za kila kituo, vidole vyangu havikuweza tena kushika penseli, nikasema lebo za ndani nitaandika baadaye, za nje zinatosha. Halafu meli ikalala ubavu, rafu ikaanguka. Mifuniko ikalegea, spiriti ikamwagika, wino wa lebo za nje ukayeyuka wote. Nikabaki na chupa kumi na moja zisizo na majina."

"Ukafanyaje?"

"Nikakumbuka."

"Ulikumbuka, au ulikisia?"

Humphrey akaichukua ile gundi, akaanza kuibandua ukingo kwa kucha.

"Nilijua Kituo cha Tisa kina tope jeusi," akasema. "Nikafuata rangi ya tope. Baadaye maabara, tulipoanza kuhesabu, nikaona matokeo yamekuwa makubwa. Liang laoshi alifurahi. Hajawahi kunisifu kwa miaka mitatu, siku ile alinisifu mbele ya watu. Ningeanzia wapi?"

"Anzia leo. Twende wote kwake."

"Judica." Sasa alisimama. "Wiki mbili. Zimebaki wiki mbili. Udhamini wangu unaisha mwezi wa saba. Nikitoka bila shahada, kule chuoni nafasi yangu ya kufundisha anapewa mwingine, na mwanangu amenijua kwenye kioo cha simu. Nani anaumia? Mnyoo?"

"Wanaopanga pa kuvua na pa kuacha watasoma jedwali letu. Tukisema Kituo cha Tisa hakina kitu, watapitisha nyavu za chini pale. Na kama kina kitu?"

"Watu wengine watakwenda, watapima tena."

"Watakwenda kwa namba zetu mkononi."

Humphrey akamkazia macho. Hakuwa yule mtu wa mwavuli. "Na wewe ulisaini Machi. Jina lako lipo chini ya langu. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria njia nzima."

Mwadini akachungulia. "Vipi humu? Mnafunga au mnaswali?" Akawaona nyuso, akarudisha kichwa chake.

Humphrey akavaa shati, akaanza kufunga vifungo, akakosea, akaanza upya. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa: "Vile vipande, umevirudisha kwenye chupa?"

"Nimevirudisha."

"Kila kimoja kwenye yake?"

"Ndiyo."

"Sawa," akasema. "Niache nifikiri. Tutaonana kesho kwa Liang laoshi, kabla ya saa tano. Nakuomba usimwambie mtu mpaka hapo."

Judica akakubali. Alitaka sana kukubali.

*

Asubuhi ya Jumatano, Judica alikuwa anapiga mswaki, saa moja na dakika kadhaa, swali lile lilipomrudia. *Umevirudisha kwenye chupa?* Mkono ukasimama.

Picha peke yake haikuthibitisha kitu. Picha ingeonyesha vipande viwili kwenye kisahani, basi. Yeyote angeuliza vimetoka wapi, naye angejibu nini? Ushahidi ulikuwa ni mkia kuwa ndani ya chupa ya Kituo cha Tisa na kichwa kuwa ndani ya chupa ya Kituo cha Sita. Na ufunguo wa kabati la sampuli walikuwa nao watu watatu: Profesa Liang, yeye, na Humphrey.

Hakukumbuka alivyovaa viatu. Aliendesha baiskeli kati ya pikipiki za umeme zilizobeba majora ya vitambaa kwenda Kangle, mtu mmoja akamtukana kwa Kikantoni, akapita taa nyekundu. Ngazi alizipanda mbili mbili. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Kabati lilikuwa wazi. Kwenye rafu ya Kituo cha Tisa palikuwa na pengo moja, upana wa chupa.

Akasikia maji.

Chumba cha kuoshea vyombo kilikuwa mwisho wa ukumbi. Humphrey alisimama mbele ya sinki, amempa mgongo. Chekeche, ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kumwaga kitu bila kuliweka, lilikuwa limetundikwa ukutani. Mfuniko wa chupa ulikuwa juu ya kaunta. Harufu ya spiriti ilijaa chumba mpaka machoni.

"Kaka."

Hakugeuka. "Toka, Judica."

"Weka chini."

"Chupa huvunjika. Zimevunjika ngapi tangu uje hapa? Tatu? Nne? Utaandika kwenye daftari imevunjika, na fomu utasaini, na mimi nitakwenda nyumbani." Akaisogeza chupa juu ya tundu. "Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

"Ukimwaga, nitasema vilevile. Sitakuwa na ushahidi, na huenda wasiniamini. Lakini nitasema. Kwa hiyo usimwage kwa ajili ya kuninyamazisha, kwa sababu sitanyamaza."

Bomba lilikuwa linatiririka. Judica alipiga hatua moja, akaona mkono wa Humphrey ukiinama, akapiga kelele, na chupa ikamwagika.

Vyote vilikwenda kwa mara moja: mchanga, magamba, mikono ya wale jamaa wa kiti cha pweza, majani majani ya mwani, na ndani yake mkia usiozidi urefu wa kidole. Maji yakavizungusha mara moja, tundu la sinki likavimeza. Humphrey akabaki ameshika chupa tupu, mdomo wazi, kama ndiye aliyeporwa.

Judica alifunga bomba. Akapiga magoti chini ya sinki. Pale bomba la maji machafu lilipojipinda palikuwa na kizibo cha plastiki cha kufungulia uchafu ukiziba. Alikwisha kuona fundi akikifungua. Akavuta ndoo, akakamata kizibo kwa mikono miwili. Hakikwenda. Akakivika kitambaa, akakazana tena, meno yameumana, na nyama ya kiganja ikachanika kwenye ukingo. Kikazunguka. Maji meusi yakashuka ndani ya ndoo kwa kishindo, yakamrukia kifuani.

Akaanza kutafuta kwa vidole. Ilikuwa ni takataka ya miaka: nywele, vipande vya glavu, tope la bahari saba tofauti. Kila alichoshika kilikuwa kinateleza. Alishika kitu chembamba, akakiinua kwenye mwanga, uzi. Akashika kingine, mzizi wa mwani. Mkia ule, ukikaa kwenye maji ya bomba bila spiriti, ungeanza kulainika, na bomba lake la mchanga lingevunjika, na mkato usingelingana na kitu tena.

"Nisaidie au toka," alisema bila kuinua kichwa.

Hakusikia hatua. Akasikia kitu kizito kikishuka sakafuni karibu naye. Humphrey amepiga magoti. Amekunja mikono ya shati. Akaingiza mikono ndani ya ndoo.

Walitafuta hivyo, bega kwa bega. Humphrey alikuwa na vidole ambavyo maabara nzima ilivihusudu. Alikuwa na uwezo wa kuokota kiumbe kidogo kuliko chembe ya mchele bila kukivunja unyoya. Judica alitafuta upande wake, akamwacha atafute upande wake. Ndipo akaona kwamba mikono ya Humphrey imesimama.

Mkono wa kulia ulikuwa umefumbwa, ndani ya maji meusi. Hakumtazama Judica. Alikuwa anatazama ukuta. Judica akaelewa. Akaelewa pia kwamba hana la kufanya. Asingeweza kumfumbua mtu yule kiganja. Humphrey angekibana kidogo tu kile alichoshika, kingegeuka uji, naye angesema hakukiona.

Akasubiri. Nje ukumbini mtu alipita akicheka kwenye simu.

Humphrey akautoa mkono ndani ya maji, polepole, kiganja kimetazama juu. Akakifumbua.

"Huyu hapa," alisema. "Lete kisahani. Na spiriti, haraka, anaanza kulainika."

*

Saa tano kasorobo walikuwa wamesimama mbele ya meza ya Profesa Liang, Judica akiwa na damu kwenye kitambaa alichojifunga kiganjani, Humphrey akiwa amelowa magotini. Profesa Liang alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye nywele fupi, ambaye wanafunzi wake wote walimwita laoshi, mwalimu, na wote walimwogopa.

"Fomu?" akauliza.

Judica akafungua mdomo. Humphrey akamtangulia.

"Hakuna fomu, laoshi. Chupa kumi na moja za vituo vya Sita na Tisa hazina jina la kweli. Nilizipoteza majina kwenye dhoruba, nikaziandika kwa kukisia, nikanyamaza mwaka mzima. Jana Judica amegundua. Leo asubuhi nimejaribu kuharibu ushahidi. Huu hapa."

Akaweka mezani kisahani chenye kichwa na mkia.

Profesa Liang hakukitazama mara moja. Alimtazama Humphrey, kisha kiganja cha Judica, kisha ndipo akavuta hadubini ndogo iliyokuwa pembeni, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umezeeka kidogo.

"Wageni wangapi wamekwisha kufika hotelini?" akauliza, bila kumlenga mtu.

"Sijui, laoshi," Judica akasema.

"Kumi na tisa." Akafunga kompyuta yake, akaisukuma mbali. "Machi ulisaini wewe."

"Ndiyo, laoshi. Sikuitazama mikia."

"Humphrey, toka nje. Ufunguo wa kabati uache."

Akauacha mezani, akatoka. Profesa Liang hakumfokea Judica. Alimwambia tu kwamba chupa zote tisini na sita za safari ile zitahesabiwa upya kuanzia kesho, mikia na vichwa, na kwamba atazihesabu peke yake, na kwamba jina lake halitakuwepo kwenye kazi yoyote ya maabara mpaka amalize. Kisha akageuza kiti chake, akaelekea dirishani, na Judica akajua kwamba mazungumzo yamekwisha.

Ijumaa Profesa Liang alisimama mbele ya wageni wake. Judica alikaa nyuma kabisa. Wengi wa maabara walidhani ataahirisha kwa udhuru wa maradhi. Alieleza yote kwa dakika nane, bila kumtaja mwanafunzi kwa jina, akisema "maabara yangu" na "kosa langu". Aliposhuka jukwaani, hakuna aliyepiga makofi.

Humphrey hakutetea tasnifu mwezi ule. Udhamini ulipokwisha alihama bweni, akaenda kulala kwenye chumba cha nyuma cha Mwadini, akimwandikia orodha za mizigo mchana na kuandika sura yake upya asubuhi. Vyerehani vilitangulia bila yeye. Kwa miezi mitatu hakujibu ujumbe hata mmoja wa Judica, na siku walipokutana msikiti wa Xiaodongying, kwenye maziko ya mfanyabiashara mmoja wa Tanga, alimpita kama nguzo.

Judica alihesabu mpaka Oktoba. Zile chupa kumi na moja ziliwekwa kando, hazikuweza kuokolewa. Mnyoo mmoja alirudishiwa mkia wake, lakini waliobaki hawakuwa na cha kuwasemea. Kwa chupa zilizobaki, Kituo cha Tisa kilionyesha kupungua kidogo. Wanyama hawakuwa wamehama. Pengine walikuwa wanakufa taratibu, pengine ulikuwa mwaka mbaya tu. Profesa Liang aliandika kwenye ripoti kwamba kwa sasa haijulikani, na sentensi hiyo aliilinda dhidi ya wahakiki wawili waliotaka aikoleze.

Humphrey alitetea Desemba. Tasnifu ilikuwa nyembamba, sura tatu badala ya tano, na wajumbe walimsulubu kwa saa mbili. Alipita. Judica alimkuta chini kwenye ngazi, amelegeza tai, anapiga simu Morogoro. Alisubiri amalize.

"Domina anakusalimu," akasema Humphrey.

"Anajua?"

"Nilimwambia mwezi wa nane. Alikaa siku mbili bila kunipigia. Siku ya tatu akaniambia nirudi na hicho nilichonacho." Akakunja tai, akaitia mfukoni. "Nilikutukana sana moyoni, Judica. Nisikudanganye. Kuna siku bado nakutukana."

"Najua, kaka."

"Siku ile, kwenye ndoo. Ulijua kwamba nimemshika."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Judica alifikiri. "Niliogopa ukistuka utambana."

Humphrey akacheka, mara ya kwanza tangu Juni, kicheko kifupi kilichomtoka bila kupenda, kisha akajizuia. Ndege yake ilikuwa Jumapili. Hawakuahidiana kupigiana simu. Alimpa mkono, akaushika wa Judica kwa yake yote miwili kama wafanyavyo watu waliofiwa pamoja, akauachia, akaelekea kituo cha metro kumsaidia Mwadini kupakia kontena la mwisho la mwaka.